Kutoka kusimamia hifadhidata hadi kujenga ghala la data: mwongozo wa kujisomea ukiwa Lubumbashi

Siku ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, mkurugenzi alisimama mlangoni mwa ofisi yangu akauliza swali lililoonekana dogo. "Kijana, mafuta ya kupikia mwezi huu tumeuza zaidi Likasi au Kolwezi? Nipe kwa dola, unilinganishie na mwaka jana." Nilikuwa na miaka sita ya kusimamia hifadhidata, nikaona aibu kusema subiri. Nikaandika SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) ya mistari arobaini nikaiendesha palepale, kwenye seva ya mauzo. Hazikupita dakika nne simu zikaanza. Depo ya Kenya haitoi ankara (Kenya komini yetu ya hapa mjini, si ile nchi), depo ya Ruashi wateja wamejipanga mpaka nje. Nikaiua hoja yangu, yaani ile SQL, mauzo yakaendelea, na Papa mkurugenzi akaingia kikaoni mikono mitupu.

Hifadhidata niliyoitunza kwa uangalifu miaka yote hiyo haikujengwa kwa swali kama lile. Ilijengwa ili karani aandike ankara moja haraka na kwa usahihi. Anayetaka kuuliza ankara laki tano kwa pamoja, za miaka mitatu, anahitaji nyumba nyingine, na hiyo ndiyo ghala la data. Nilijifunza kuijenga jioni na Jumapili kwa muda wa miezi minane hivi, bila kozi ya kulipia. Mwongozo huu ni wa wewe unayesimamia hifadhidata ya Oracle, SQL Server, MySQL au PostgreSQL kwenye kampuni ya kawaida ya hapa, na unataka kupita njia hiyo bila kujikwaa nilipojikwaa mimi.

Hatua ya 1: jua ulichonacho, na kitakachokukwaza

Huanzi sifuri. SQL unaijua. Unajua kusoma mpango wa utekelezaji (hatua ambazo hifadhidata hupitia kujibu) na kuona hoja inapolemea, unajua kurudisha nakala rudufu, kugawa ruhusa, kukadiria diski itajaa lini. Zaidi ya yote, unajua uchafu umelala wapi: depo inayojaza sufuri kwenye safu ya simu ili fomu ikubali, mteja aliyesajiliwa mara tatu kwa tahajia tatu, bidhaa iliyobadilishiwa kodi katikati ya mwaka bila mtu kuambiwa. Kijana aliyetoka chuo na vifaa vipya vyote kichwani hana elimu hiyo, nayo ni nusu ya kazi.

Kitakachokukwaza ni adabu ya kazi yako ya sasa. Tangu mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd achapishe makala yake ya 1970 kuhusu modeli ya mahusiano, yaani data kupangwa kwenye majedwali, tumelelewa kuamini kwamba jambo moja huandikwa mahali pamoja tu. Kurudia jina la jimbo kwenye mistari elfu kumi ni dhambi. Kwenye ghala utairudia kwa makusudi, kwa sababu kule hakuna karani anayesahihisha mstari mmojammoja. Watu wanasoma tu, na msomaji anafurahi akiunganisha majedwali machache. Mimi nilibisha miezi miwili nzima. Nilijenga majedwali kumi na tisa pale palipotosha matano, halafu nikashangaa kwa nini hoja zangu ni ndefu kuliko za mwanzo.

Hatua ya 2: andaa mashine ya kujifunzia

Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8 inatosha. Weka PostgreSQL na DuckDB, zote ni bure. Usianze na huduma za wingu: zinadai kadi ya benki, zinakata dola hata ukisahau mashine imewashwa, na hazikufundishi chochote cha mwanzo ambacho hukipati nyumbani. Airflow, Spark na ndugu zao, vifaa vya kupanga na kuchakata data nyingi, nao wangoje.

Kwa nini programu mbili? PostgreSQL huhifadhi mstari mzima pamoja, kama kabati la ankara: ukitaka kujua jumla ya sabuni ya mwaka, unafungua kila karatasi hata kama unachosoma ni tarakimu moja tu juu yake. DuckDB, iliyozaliwa kwenye taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam na kutolewa mara ya kwanza 2019, huhifadhi safu kwa safu: viasi vyote pamoja, bei zote pamoja. Ukiuliza jumla ya kiasi, inasoma kiasi na kuziacha safu nyingine. Maelezo haya utayakuta kila mahali, lakini hayaingii mpaka uyaone kwa saa yako mwenyewe. Fanya hivi ndani ya DuckDB:

INSTALL tpch;
LOAD tpch;
CALL dbgen(sf = 1);

Mstari wa kwanza unahitaji intaneti mara moja tu. Wa tatu unatengeneza, humohumo kwenye kompyuta yako, majedwali 8 ya TPC-H, kipimo cha kulinganisha kasi ya hifadhidata, data ya takriban GB 1. Jedwali kubwa, lineitem, lina mistari zaidi ya milioni 6. Kipimo hicho kina maswali 22 ya kibiashara, na la kwanza unaliendesha kwa PRAGMA tpch(1). Kisha toa majedwali hayo kama CSV (faili za maandishi matupu), yapakie PostgreSQL, endesha swali lilelile, tazama saa. Hujatumia megabaiti za kupakua data ya mtu, na umepata uwanja wa mazoezi wa miezi.

Siku ukiwa mahali penye intaneti nzuri, pakua mwongozo rasmi wa PostgreSQL wa PDF ukae nao. Na kuhusu umeme wetu unaoondoka bila kuaga: utasoma ushauri wa kuzima fsync, mpangilio unaohakikisha data imefika diski kweli, ili upakiaji uende mbio. Kwenye mashine isiyo na betri ya akiba, usiizime. Nilikuwa naijua sheria hiyo kazini miaka yote, nikaivunja nyumbani, nikapoteza wiki mbili za kazi usiku mmoja.

Hatua ya 3: tafuta swali moja, kisha ruhusa

Data ya TPC-H ni ya kunyooshea viungo. Kujifunza kwenyewe kunaanza siku unapochukua swali ambalo mtu fulani kazini kwako anateseka nalo kila mwezi. Kwangu lilikuwa lile la mafuta ya kupikia. Kwako linaweza kuwa: unga wa mahindi kutoka Zambia unakaa siku ngapi depo kabla ya kuuzwa? Au lori linatumia siku ngapi kutoka mgodini hadi kuvuka Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia?

Swali liwe moja. Omba ruhusa kwa maandishi ya kufanya kazi juu ya nakala. Hapo una njia ambayo wengine hawana: kurudisha nakala rudufu kwenye mashine ya pembeni ni wajibu wako hata hivyo, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama ni nzima. Basi irudishe kila wiki, na hiyohiyo iwe chanzo cha ghala lako la mazoezi. Futa majina na simu za wateja mara tu inaporudi. Acha namba zao za mteja tu. Wala usiipeleke nyumbani.

Hatua ya 4: taja punje

Hapa kaa sana. Ralph Kimball, Mmarekani aliyeeneza namna hii ya kupanga majedwali ya ghala tangu miaka ya 1990, alipanga kazi kwa hatua nne: chagua shughuli, taja punje, chagua maelezo (kama tarehe, eneo, bidhaa), chagua vipimo (tarakimu zenyewe). Wengi wanaruka ya pili, nami niliiruka.

Punje ni jibu la swali hili: mstari mmoja wa jedwali hili ni nini hasa? Liandike kwa sentensi moja ya Kiswahili kabla hujaandika CREATE TABLE. "Mstari mmoja ni bidhaa moja ndani ya ankara moja." Ukishindwa kuiandika bila "au" na "wakati mwingine", hujawa tayari.

Nilivyoumia ni hivi. Kwenye mfumo wetu ankara ina kichwa na mistari. Gharama ya usafiri imeandikwa kichwani, bidhaa zimeandikwa kwenye mistari. Nikaviunganisha vyote kwenye jedwali moja, nikajumlisha. Ankara yenye usafiri wa dola 30 na bidhaa tatu ikatoa usafiri wa dola 90. Yenye bidhaa kumi, dola 300. Hakuna kosa lolote la SQL lililotokea, hoja iliendesha vizuri kabisa, na ripoti ikaonyesha kwamba tunatumia pesa nyingi ajabu kupeleka sukari Likasi. Aliyegundua si mimi. Ni mama mmoja mtu mzima wa uhasibu, aliyetazama karatasi sekunde tano akasema, "Mwanangu, magari yenyewe hatuna ya kula pesa hiyo."

Tiba ni mojawapo ya mbili. Ama ugawe usafiri kwenye mistari kwa kanuni ambayo uhasibu wameikubali, kwa uzito au kwa thamani, ili ukijumlisha urudi dola 30. Ama ujenge jedwali la pili ambalo punje yake ni ankara nzima, usafiri ukae huko. Usichanganye punje mbili kwenye jedwali moja ukijiambia utakumbuka. Hutakumbuka, na atakayekurithi kiti hatajua kabisa.

Hatua ya 5: vipimo vya aina tatu

Majedwali yanayobeba tarakimu, nitayaita majedwali ya vipimo, huja kwa sura tatu, na mfano wa zote uko hapahapa mjini.

Ya kwanza ni ya tukio: mauzo yametokea, andika mstari. Hii unaielewa tayari.

Ya pili ni picha ya kipindi: kila jioni, kila depo, kila bidhaa, ilikuwa imebaki kiasi gani. Tahadhari yake ni kwamba tarakimu hizi hazijumlishwi kupitia siku. Magunia 200 ya Jumatatu na magunia 200 ya Jumanne si magunia 400. Ni yaleyale yamelala. Unaweza kujumlisha depo zote za siku moja, lakini kwa mwezi chukua wastani au siku ya mwisho.

Ya tatu ndiyo niipendayo, na ajabu watu wengi hawaifiki. Fikiria lori la katodi, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa. Linapakiwa, linatoka mgodini, linapita mizani, linafika foleni ya Kasumbalesa, linavuka, linafika kwa mpokeaji. Mstari mmoja ni safari moja, na una safu ya tarehe kwa kila kituo. Safari inapoanza, safu nyingi ni tupu. Kila lori linapofika kituo, unaurudia mstari uleule kuujaza. Ndiyo, unafanya UPDATE ndani ya ghala, kitu ambacho sura mbili za kwanza hazipendi. Faida yake ni kwamba swali la "siku ngapi foleni ya mpaka" linakuwa kutoa tarehe moja kwenye nyingine, na lori lililokwama unaliona kwa safu zake tupu. Jaribu kujibu swali hilo kutoka kwenye jedwali la matukio mfululizo uone jasho.

Hatua ya 6: majedwali ya maelezo, na Katanga iliyogawanyika

Kuzunguka jedwali la vipimo unaweka majedwali ya maelezo, ambayo wenye fani huyaita dimensheni: tarehe, eneo, bidhaa, mteja. Ukichora, vipimo vinakaa katikati na maelezo yanachomoza pembeni, ndiyo maana wanasema umbo la nyota. Hoja ya mkurugenzi inakuwa fupi hivi:

SELECT e.mji, t.mwaka, SUM(m.kiasi_dola)
FROM mauzo m
JOIN eneo e ON e.eneo_id = m.eneo_id
JOIN tarehe t ON t.tarehe_id = m.tarehe_id
JOIN bidhaa b ON b.bidhaa_id = m.bidhaa_id
WHERE b.kundi = 'Mafuta ya kupikia' AND t.mwezi = 6
GROUP BY e.mji, t.mwaka;

Jedwali la tarehe lijaze mara moja kwa miaka 20: ni mistari 7,305 tu. Weka mwezi, robo, siku ya wiki, na sikukuu zetu, 16 na 17 Januari, 30 Juni, nyingine zote. Utashangaa maswali mangapi huisha kwa "ondoa siku za sikukuu".

Jedwali la eneo ndilo litakalokufundisha. Data yetu inaanzia 2012. Wakati huo Kolwezi na Likasi zote zilikuwa jimbo la Katanga. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kolwezi ikawa Lualaba, Likasi ikabaki nasi Haut-Katanga. Sasa mtu anauliza mauzo kwa jimbo tangu 2012. Utafanyaje?

Ukifuta neno Katanga na kuandika Lualaba juu yake, ripoti itadai kwamba mwaka 2013 tuliuza Lualaba, jimbo ambalo halikuwepo. Nayo haitalingana na ripoti za zamani zilizochapishwa na kutiwa sahihi. Ukiongeza mstari mpya, yaani Kolwezi wa Katanga wenye namba yake na tarehe ya mwisho, kisha Kolwezi wa Lualaba wenye namba nyingine na tarehe ya kuanza, historia inabaki kweli, lakini Lualaba itaonekana imeanza biashara kutoka sufuri. Mambo yote mawili ni majibu ya haki kwa maswali tofauti. Mimi niliishia kuongeza mstari mpya, na kwenye kila mstari nikaweka safu mbili: jimbo_wakati_ule na jimbo_la_sasa. Mwenye kuuliza achague.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini ghala linataka ufunguo bandia, namba isiyo na maana yoyote unayoitoa mwenyewe, badala ya msimbo wa mfumo wa mauzo. Msimbo wa Kolwezi ni mmoja. Kolwezi za ghala ni mbili. Jambo lilelile litakukuta kwa mteja aliyehama daraja la bei na bidhaa iliyobadilishwa ujazo wa katoni.

Hatua ya 7: pesa mbili, saa mbili

Vitabu vingi vinachukulia nchi ina sarafu moja na saa moja. Sisi tunauza kwa faranga na kwa dola, kwenye meza moja, na mteja mmoja anaweza kulipa nusu kwa nusu.

Kanuni yangu: hifadhi kiasi kama kilivyolipwa, sarafu yake, kiwango kilichotumika siku ile, na kiasi kwa dola. Vyote vinne. Tuseme mtu amelipa faranga 280,000 kiwango kikiwa 2,800. Hizo ni dola 100 na zitabaki dola 100. Ukihifadhi faranga peke yake na kuzigeuza leo kwa 2,900, mauzo ya zamani yanapungua mpaka dola 96.55 bila mtu kugusa kitu, na kesho yatabadilika tena. Kama kiwango cha depo si kile kinachotangazwa na Banque Centrale du Congo, viweke vyote viwili na uulize uhasibu ripoti ipi inatumia kipi. Na usipige wastani wa viwango vya mwezi ukazidisha kwa jumla ya faranga. Siku ya mauzo makubwa na siku ya mauzo madogo hazina uzito sawa.

Kuhusu saa: Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Kama kampuni ina seva Kinshasa na depo huku, ankara iliyokatwa hapa saa sita na dakika ishirini usiku, tarehe 1 Julai, kule bado ni tarehe 30 Juni. Kwa wauza jumla haitokei mara nyingi, lakini kwa mtandao wa simu au lori la usiku inatosha kuvuruga mwezi. Hifadhi wakati wenye kanda ya saa, kisha tarehe ya biashara uitoe kwa AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi'. Muulize mhasibu ni saa ya mji gani inayofunga mwezi. Kwetu hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza.

Hatua ya 8: kupakia bila kuogopa umeme

Vitabu vitakwambia pakia usiku. Kwetu jenereta ilikuwa inazimwa saa kumi na mbili jioni, na umeme wa mji hauna ahadi. Nikahamisha kazi hiyo saa sita na nusu mchana, watu wakiwa kwenye bukari (ugali wetu), nikisoma kutoka seva ya akiba, inayonakili ile ya mauzo muda wote, badala ya ile ya mauzo yenyewe. Ukifanya hivyo kwa PostgreSQL, hoja yako ndefu inaweza kukatizwa na seva ya akiba inapojaribu kufuata seva kuu: mpangilio max_standby_streaming_delay kwa kawaida ni sekunde 30. Uongeze, ukijua kwamba kwa muda huo seva ya akiba inaweza kubaki nyuma.

Upakiaji wenyewe ujenge kwa namna ambayo ukikatika katikati, unaanza tena bila kufikiri. Data ghafi iingie kwanza kwenye jedwali la mapokezi, kama ilivyo, bila kusafishwa. Isafishe iwe mauzo_safi, kisha, siku kwa siku:

BEGIN;
DELETE FROM mauzo WHERE tarehe_id = 20240614;
INSERT INTO mauzo SELECT * FROM mauzo_safi WHERE tarehe_id = 20240614;
COMMIT;

Ukiiendesha mara moja au mara tano, jibu ni lilelile. Watu wengi huanza na njia nyingine: chukua tu mistari ambayo safu yake ya "imebadilishwa lini" ni mpya kuliko jana. Ni nyepesi, lakini ina matundu mawili. Ankara iliyofutwa haionekani, kwa kuwa haipo tena. Na ankara iliyosahihishwa kwa mkono na msimamizi wa hifadhidata, moja kwa moja kwa SQL, mara nyingi haibadilishiwi safu hiyo. Najua, kwa sababu msimamizi huyo nilikuwa mimi. Siku hizi narudia siku 35 za nyuma kila siku. Mashine inamaliza kabla watu hawajarudi mezani, na karatasi za Excel za depo za mbali zinazochelewa wiki nzima zinaingia zenyewe.

Kila upakiaji ukiisha, linganisha: idadi ya mistari na jumla ya pesa, chanzo dhidi ya ghala. Mwisho wa mwezi linganisha na daftari la uhasibu. Mara ya kwanza jumla yangu na ya yule mama wa uhasibu zilipishana. Tulikaa mchana mzima, ankara kwa ankara, tukakuta ankara za majaribio za siku ya kusakinisha mfumo na bidhaa zilizorudishwa ambazo mimi nilizihesabu kama mauzo. Mchana ule ulinifundisha kuliko wiki zote za kusoma. Andika kanuni kama hizo mahali watu wanaweza kuzisoma.

Hatua ya 9: pindua mazoea ya kuharakisha

Haraka haraka, kwa kuwa hapa mkono wako ni mzoefu. Punguza indeksi, zile orodha za kutafutia mistari; hoja inayosoma robo ya jedwali haizihitaji. Gawa jedwali kubwa kwa mwezi, jambo ambalo PostgreSQL inaliwezesha kwa tamko rahisi tangu toleo la 10. Kwa tarehe zinazoingia kwa mpangilio jaribu indeksi ya BRIN, ni ndogo ajabu. Pakia kwa mkupuo kwa COPY, si INSERT mojamoja. Baada ya kupakia, ANALYZE, ili hifadhidata ikadirie vizuri. Ongeza work_mem, kumbukumbu ya kupangia na kuunganishia, ambayo kwa kawaida ni MB 4 tu, lakini kwa kikao cha ripoti, si kwa seva nzima.

Kwenye SQL yenyewe, jifunze LAG kwa kulinganisha mwezi na mwezi uliotangulia, ROW_NUMBER kwa kuondoa marudio, na ROLLUP kwa jumla ndogo na kubwa. Wiki mbili zinatosha.

Hatua ya 10: onyesha, kisha tafuta

Ghala likijibu swali moja kwa usahihi, toa ripoti moja, kila Jumatatu asubuhi, bila kukosa. Excel iliyounganishwa inatosha. Metabase, programu ya chati, ni bure ukitaka picha. Usijenge ukurasa wenye chati ishirini. Mkurugenzi wetu anasoma mbili, moja akiwa amesimama.

Katika kusoma utakutana na ubishi kati ya wafuasi wa Kimball na wafuasi wa Bill Inmon, anayetaka ghala kuu la kampuni nzima lipangwe kwanza kwa kanuni zilezile ulizozizoea, kisha ndipo vipande vya idara vitolewe. Soma pande zote, lakini ukiwa peke yako na jioni tu, anza na nyota moja. Na jifunze msamiati wa Kifaransa: kwenye matangazo ya kazi ya hapa mjini hutakuta neno ghala, utakuta "entrepôt de données" au "décisionnel", na anayetafuta neno jingine anapitwa.

Kwa kuomba kazi, jenga upya ghala lako kwa data ya kubuni au ya TPC-H, liweke mahali pa wazi pamoja na sentensi zako za punje na maelezo ya ile hadithi ya majimbo. Data ya mwajiri usiiguse. Kwenye usaili uliza wewe pia: mhasibu wenu nitakaa naye lini?

Mkurugenzi alipata jibu lake la mafuta ya kupikia miezi mitano baadaye. Akaitazama karatasi, akatikisa kichwa, akauliza, "Sawa, na faida je?" Mauzo yangu hayakuwa na bei ya kununulia. Nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika juu: mstari mmoja ni bidhaa moja ndani ya mzigo mmoja ulioingia depo.